Barakoa ilitunyima midomo: sisi tusiosikia vizuri tuliishije wakati wa korona?

Msoma Midomo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za miaka ile ya korona: biashara zilizokufa, ndugu tuliowazika, ubishi wa chanjo, nyungu na malimao. Kuna kundi moja sijaona likisemewa, na mimi nimo ndani yake. Sisi si viziwi wanaotumia lugha ya alama, na hatusikii kama ninyi. Tuko katikati. Tunasikia kiasi, na kinachobaki tunakisoma kwenye midomo yako, mara nyingi bila wewe kujua. Kisha ikaja Machi 2020, na baada ya wiki chache midomo mjini ikawa imefunikwa.

Nianze na jinsi masikio yangu yalivyokwenda, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini barakoa ilituumiza vile. Miaka kadhaa kabla ya korona niliugua kifua kikuu sugu. Enzi hizo tiba ilikuwa na sindano ya kanamisini, unachomwa kwa miezi. Kifua kilipona. Masikio yakaanza kuvuma, halafu sauti ndogondogo zikaondoka moja moja: ndege wa alfajiri, mlio wa ujumbe kwenye simu, mbu. Dawa za jamii hiyo, zikiwemo jentamisini na streptomisini, zinaweza kuua vinyweleo vidogo mno vilivyo ndani kabisa ya sikio, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti za juu, yaani nyembamba kama ya mbu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamisini haipendekezwi tena kwa kifua kikuu sugu, na tiba ikahamia kwenye vidonge. Namshukuru Mungu kwa wagonjwa wa leo.

Sasa sauti za juu kwenye maneno ni zipi? Ni s, f, sh, ch, t, k. Irabu ni nzito, hizo zinanifikia. Ukinisalimia "habari za asubuhi", mimi napata "a-a-i a a-u-u-i". Hapo jicho ndilo linamalizia kazi: midomo inapokutana, meno yanapogusa mdomo wa chini, shavu linavyojaa. Na usidhani midomo inasema kila kitu. Simama mbele ya kioo useme "baba", "mama" na "papa" bila kutoa sauti. Huoni tofauti. Ndiyo maana tunaunganisha vitu vingi kwa wakati mmoja: kipande cha sauti, midomo, macho ya msemaji, na mada yenyewe ni ipi. Ni kazi inayochosha. Jioni nikirudi nyumbani kichwa kinakuwa kizito kama cha mtu aliyetoka kwenye mtihani.

Barakoa iliondoa midomo, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni kwamba iliondoa na sauti. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2020 vilionyesha kuwa barakoa ya kawaida ya hospitali inapunguza sauti za juu kwa desibeli 3 hadi 4, na ile nzito iitwayo N95 kwa karibu desibeli 12. Ongeza kukaa mbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti inashuka kama desibeli 6. Yaani ukiniambia nisogee kutoka mita moja hadi mbili, tayari nimepoteza 6, kabla hatujagusa kitambaa kilicho mdomoni mwako. Halafu angalia kilichopunguzwa: ni zile zile s, f na t ambazo sindano ilikuwa imeshazichukua.

Nisieleweke vibaya. Sijaandika huu uzi kupinga barakoa. Mimi mapafu yangu yana makovu, nilivaa na nikawaomba wengine wavae. Ninachosema ni kwamba kila agizo la wakati ule lilitungwa na watu wanaosikia, kwa ajili ya watu wanaosikia, wakati dawa ya tatizo letu ilikuwa kalamu na karatasi.

Nitoe mfano mmoja. Kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Dirisha la maabara lilikuwa limewekwa plastiki ngumu yenye tundu dogo chini, la kupitisha karatasi. Dada wa ndani alivaa barakoa, na juu yake ile ngao ya uso. Feni inazunguka, mtoto analia kwenye benchi. Akaniambia nifuate majibu saa fulani. Nilichopata ni "saa i-a". Sita au tisa? Irabu zake ni zile zile. Nikauliza. Akarudia kwa kupaza sauti, na sauti ikipazwa nyuma ya barakoa inazidi kuvurugika. Nikauliza tena. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna, mmoja akasema jambo ambalo wengine walilicheka, na kwa kuwa sikulisikia ndilo lililoniuma zaidi. Nikatoa bahasha mfukoni, nikaisukuma tunduni pamoja na kalamu. Akaandika: saa 9. Ilichukua muda mfupi kuliko kunirudishia neno mara moja.

Na hapo nilikuwa nimeshafika dirishani. Kabla ya hapo kuna kuitwa jina. Zamani nilikuwa nakaa benchi la mbele, namwangalia nesi mdomo. Nikiona umbo la jina langu nasimama. Kipindi kile benchi zikapigwa alama za X, wengine tukakaa nje chini ya mwembe, na jina linaitwa kutoka mlangoni na mtu aliyefunikwa uso. Unaangalia watu wanavyoinuka. Kila anayeinuka unamuuliza aliye jirani, "Wameita nani?" Wengine wanajibu, wengine wanasogea mbali nawe wakidhani una homa.

Nije kwenye mashine ninayovaa ya kukuza sauti, shimesikio. Yangu inakaa nyuma ya sikio. Miwani nayo inakaa nyuma ya sikio. Barakoa ikaja na kamba zake hapo hapo. Ukiivua kwa haraka kamba inanasa, mashine inaruka. Najua watu waliopoteza za kwao kwenye daladala kwa namna hiyo, na kifaa hicho si cha kununua kesho yake. Kilichonisaidia mimi ni barakoa ya kufunga kisogoni, fundi cherehani wa mtaani alinishonea ya kamba nne. Kinamama wa mtandio walishona vifungo viwili pembeni mwa mtandio, kamba zikashika hapo badala ya sikio. Na wale wa nyungu: mashine inavuliwa na kuwekwa chumba kingine kabisa. Mvuke unaingia kwenye maikrofoni na hautoki kirahisi, na joto la Dar peke yake linatosha kuitesa.

Betri nazo. Zile za zinki zenye kistika (rangi ya chungwa ni namba 13, kahawia ni 312, bluu ni 675) zinafanya kazi kwa kuvuta hewa. Ukibandua kistika zimeshaanza kuisha, hata usipozitumia. Kwa hiyo huwezi kujaza kabati la miaka. Ndege zilipositishwa, kwa wauzaji wangu zikaadimika. Nilikuwa nazima mashine nikiwa peke yangu nyumbani, nawasha mtu akibisha hodi. Tatizo, hodi yenyewe nitaisikiaje? Majirani wakajifunza kutikisa pazia la dirishani.

Yako mazuri pia, siyafichi. Watu walihamia kwenye kuandika. Ofisini kwetu mambo yaliyokuwa yakisemwa koridoni yakaanza kuja kwa WhatsApp, na kwa mara ya kwanza nikawa najua jambo siku moja na wenzangu. Mikutano ya Zoom ilikuwa adhabu mwanzoni, picha inakwama, midomo haiendi na sauti. Maandishi ya papo kwa papo yalifunguliwa kwa akaunti zote za Zoom Oktoba 2021, tena kwa Kiingereza kwanza. Kwa Kiswahili nimetegemea simu: Google iliweka kuandika kwa sauti ya Kiswahili tangu 2017. Unaiweka mezani karibu na mdomo wa msemaji, inaandika. Kelele zikizidi inaandika vioja, lakini ukiwa wawili chumbani inaokoa.

Kwa nini nimeyaleta leo? Kwa sababu magonjwa hayajaisha kuja. Marburg imeingia Kagera Machi 2023, na Januari 2025 tena, Biharamulo. Kila likitokea, matangazo ni spika juu ya gari, redio, na kiongozi mbele ya vipaza sauti. Naomba tujadili mapema: hospitali iandike, tangazo la dharura liwe na maandishi na mkalimani wa lugha ya alama, mgonjwa asiyesikia aulizwe anapendelea nini. Wenye uzoefu, wauguzi, wazazi, karibuni.

---

Nesi wa Zamu

Mkuu, nimeusoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku, na nashukuru umeandika bila kututukana. Niseme kwa upande wa ndani ya dirisha. Kipindi kile tulikuwa tunaogopa kweli. Ukiwa na N95 kwa saa nyingi hata sisi wenyewe hatusikilizani, tulikuwa tunapeana ishara za mikono wodini kama wavuvi. Kuvua barakoa ili mgonjwa asome midomo haiwezekani, hilo naomba lieleweke.

Lakini kalamu inawezekana, na hapo nakubaliana na wewe asilimia mia. Kwetu tulianza jambo dogo: juu ya faili tunabandika karatasi ya rangi, HASIKII VIZURI, MFUATE. Maana yake huiti jina, unakwenda hadi alipokaa. Dozi tunaandika 1x3 kwenye bahasha kama kawaida, ila tunaongeza jua linalochomoza, jua la utosi na mwezi kwa wazee wasiosoma. Na usimuulize mgonjwa "umeelewa?" Wote wanaitikia kwa kichwa. Mwambie, "Niambie utakunywaje hii dawa." Hapo ndipo unajua kama amesikia au ametabasamu tu.

---

Msoma Midomo

Dada yangu, Mungu akubariki. Hiyo ya kuitikia kwa kichwa umeigusa panapouma. Tunaitikia kwa sababu tumechoka kuuliza, na kwa sababu tukiuliza mara ya tatu tunajibiwa "basi, achana nayo". Hakuna neno linalotutoa kwenye mazungumzo kama hilo. Usinirudie kwa kupiga kelele, nibadilishie maneno: badala ya "saa tisa" sema "alasiri". Nitapata.

---

Kijana wa Makorora

Kwa heshima mkuu, si ungenunua tu shimesikio yenye nguvu zaidi? Siku hizi teknolojia imekua. Au kile kifaa cha kusikia cha kupandikizwa kwa upasuaji, nasikia Muhimbili wanafanya.

---

Msoma Midomo

Swali la haki kabisa ndugu yangu, tena naulizwa kila mara. Mashine inaongeza ukubwa wa sauti. Haiwezi kurudisha vinyweleo vilivyokufa. Redio yenye stesheni isiyoshika vizuri ukiipandisha sauti, unapata mikwaruzo mikubwa zaidi. Ndivyo ilivyo. Inasaidia sana, siivui, ila haitoi sikio jipya.

Upandikizaji Muhimbili walianza mwaka 2017 na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo umelengwa kwa mwenye uziwi mkubwa ambaye mashine ya kawaida haimfai, hasa watoto wadogo ili wawahi kujifunza kusema. Baada ya upasuaji kuna mafunzo marefu ya kusikia. Na aliyepandikizwa naye ana kifaa cha nje kichwani, nyuma ya sikio. Kamba za barakoa zilimsumbua vile vile.

---

Bint Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu ngazi nyingine ilikuwa kafyu. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni hiyo hiyo watu walitawanywa kwa vitoa machozi hapa kivukoni. Kakangu ni kiziwi tangu utotoni, homa ya uti wa mgongo. Mamangu alikuwa hapumui hadi amwone mlangoni. Mwenye kusikia akiambiwa "simama" kwa nyuma atasimama. Yeye ataendelea kutembea, na anayemwamrisha atafikiri amedharauliwa. Tulimwandikia kadi, akaivaa shingoni: MIMI NI KIZIWI. Hakupenda kuivaa, na sikumlaumu, lakini aliivaa.

Jambo la pili ni masomo. Shule zilipofungwa, vipindi vya redio vya KBC vikawa ndio darasa la wengi. Binamu zangu walisikiliza wakiandika. Kakangu huyo, aliyekuwa shule ya viziwi, alikaa nyumbani miezi na miezi bila mtu wa kuzungumza naye lugha yake sawasawa, maana nyumbani sote tulikuwa tunajua ishara za chakula, kulala na njoo. Nilijifunza Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka ule kwa sababu ya aibu ya kumwona amekaa kimya mezani. Katiba yetu ya 2010 imeitaja lugha hiyo, hata Bungeni ni mojawapo ya lugha rasmi. Nyumbani ndiko tulikochelewa.

---

Mtoto wa Viziwi

Wazazi wangu wote ni viziwi, lugha yangu ya kwanza ni ya alama, Kiswahili nilikipata kwa bibi. Naunga mkono uzi ila niongeze jambo ambalo mwanzisha uzi amelipita haraka. Barakoa kwa mtumiaji wa lugha ya alama nayo ni shida. Watu wanadhani lugha ile ni mikono tu. Nyusi, mashavu, mdomo, vyote ni sehemu ya sentensi. Swali na taarifa vinaweza kutofautiana kwa uso peke yake. Mama alikuwa akiniambia anaongea na watu "waliofungwa nusu".

Na si kila kiziwi atasaidiwa na karatasi. Wengi wa rika la wazazi wangu shule haikuwafikia au iliwafundisha kwa kuwalazimisha kusema. Ukimwandikia sentensi ndefu ya Kiswahili cha kitabibu unakuwa umemfungia mlango kwa kufuli nyingine. Hapo anatakiwa mkalimani, hata kwa simu ya video. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wamelisema hili la wakalimani hospitalini miaka na miaka. Tafadhali msiliweke chini ya kalamu.

---

Msoma Midomo

Umesema kweli, na nalipokea. Kalamu ni kwa sisi tuliopoteza usikivu tukiwa tumeshasoma. Kwa wazazi wako ni mkalimani, na hilo si la hiari ya hospitali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo.

---

Mswahili wa Leeds

Wakuu, msidhani huku Ulaya kulikuwa nafuu. Scotland walimweka mkalimani pembeni mwa kiongozi kwenye mikutano ya kila siku ya taarifa za korona. Huku Uingereza yenyewe, London, waziri mkuu alisimama bila mkalimani wa lugha ya alama pale alipo. Dada mmoja kiziwi aliyekuwa mjamzito akaishtaki serikali, na Julai 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mikutano miwili, ya tarehe 21 Septemba na 12 Oktoba 2020, ilivunja sheria ya usawa. Marekani nako chama cha viziwi kilikwenda mahakamani, na Ikulu ya White House ikaamriwa kuonyesha mkalimani, Septemba 2020. Nchi tajiri zote hizi, na ilibidi hakimu aseme.

Nilijaribu pia zile barakoa zenye dirisha la plastiki angavu. Midomo unaiona, ndiyo, kwa muda, kisha ukungu wa pumzi unajaa. Na plastiki inazuia sauti za juu kuliko barakoa ya kawaida. Kwa anayetegemea midomo zaidi zinafaa, kwa anayetegemea masikio zaidi zinaongeza tatizo.

---

Mama Wawili

Samahani kuingilia, nina swali la haraka. Mume wangu juzi aliamka sikio moja limezima kabisa, linavuma tu. Alikuwa na mafua wiki iliyopita. Mtaani wanamwambia ni nta, atie mafuta ya nazi ya moto. Je, kuna mwenye uzoefu?

---

Msoma Midomo

Mama, usitie chochote sikioni. Mpeleke leo kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kama kwenu hayupo, hospitali ya mkoa. Inaweza kuwa nta kweli, au majimaji ya mafua nyuma ya ngoma ya sikio, na hayo yatajulikana kwa kuangaliwa tu. Lakini sikio likizima ghafla lenyewe kwa ndani, kuna tiba ya dawa za steroidi ambayo inafaa zaidi ikianza mapema, ndani ya siku chache, si baada ya wiki mbili. Akifika mapokezi msiseme "sikio linasumbua", mtapangiwa tarehe. Semeni "alikuwa anasikia, ameamka hasikii", na mtaje siku lilipozima. Taja pia dawa zote alizotumia, hasa sindano, na kwinini kama alitibiwa malaria. Na wewe ukae upande wa sikio lake zima, umwandikie atakachoambiwa.

---

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, nenda sasa, foleni ya jioni ni fupi. Ukitoka huko tupe taarifa hapa hapa.

---

Mama Wawili

Tumeshapanda bodaboda. Daftari ninalo.